Jibu: Krisopresi imepauka baada ya pete kulehemiwa

Salaam mkuu. Umesema krisopresi yako, lile jiwe la kijani la mapambo kutoka Haneti mkoani Dodoma, ilipauka baada ya sonara kurekebisha pete. Kwanza muulize: alilehemu jiwe likiwa ndani? Kijani kile kinatokana na madini ya nikeli, na moto hukififisha. Jua kali pia. Langu lilipauka upande uliokaribia moto, likabaki rangi ya embe bichi lililomenywa. Iliniuma sana. Nililifunga kwenye pamba iliyoloweshwa maji wiki mbili, kijani kikarudi kiasi, si chote. Jaribu hivyo kabla hujanunua jingine. Kama ni jiwe jeupe lililotiwa rangi, maji hayatasaidia. Bila kuliona siwezi kusema ni lipi. Safari nyingine alehemu kwanza, jiwe lipachikwe mwisho. Na usiliache dirishani, jua la Dodoma unalijua.