Kuajiri mtaalamu wa nje aandike mahitaji ya mfumo wa saccos

Mkuu, umeuliza kama saccos yenu ilipe mtu wa nje aandike mahitaji ya mfumo wa mikopo, yaani maelezo ya nini programu ya kompyuta inatakiwa ifanye, au muwaachie haohao madevelopa watakaoijenga. Mimi nasema mlipeni, ila asiwe na uhusiano na kampuni itakayojenga, maana akiwa wa kwao ataandika kile ambacho tayari wanauza. Na asijifungie na meneja tu, akae dirishani na karani aone mtu akileta rejesho pungufu inakuwaje, inakatwa riba kwanza au mkopo wenyewe, mdhamini akitaka kujitoa katikati nani anasaini, aliyelipa kwa M-Pesa akakosea namba anatafutwaje. Hayo ndo mahitaji yenyewe, mengi hayapo hata kwenye masharti ya chama. Pia kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, aandike wazi nani anaruhusiwa kuona taarifa za mwanachama. Malipo yawe kwa awamu, ya mwisho mpaka karani na mhasibu wasome wakubali kila kipengele. Alafu mtu wenu mmoja atembee nae muda wote, la sivyo akishaondoka mtabaki na kabrasha ambalo hakuna wa kulielezea kwa developa.