Benki ya nje inataka LEI ya kampuni: kwa nini TIN na cheti cha BRELA havitoshi

Mkuu, swali lako nimelielewa hivi: kampuni yenu ya Arusha inauza mboga Ulaya, mnataka kufunga mkataba na benki ya London wa kuuza euro kwa dola kwa bei ya kukubaliana sasa, na makabidhiano yafanyike baada ya miezi 3. Benki imegoma mpaka mlete LEI (Legal Entity Identifier, namba ya kimataifa ya kuitambulisha kampuni), na bosi wako anahisi ni utapeli kwa kuwa kuna ada ya kulipia. Kuna wadau hapo juu wamekushauri utume TIN (namba ya mlipakodi) na cheti cha BRELA (wakala wa usajili wa kampuni) yaishe. Hayataisha. Mimi niko idara ya fedha kwenye kampuni ya kusafirisha kahawa kutoka Moshi, na namba hii ni moja ya kazi zangu, kwa hiyo naomba nieleze kwa kirefu kidogo.

Huo si utapeli. Sheria za Uingereza, na za Umoja wa Ulaya vilevile, zinaitaka benki iripoti mikataba ya aina hiyo, na kwenye ripoti kila kampuni inatajwa kwa LEI yake. Kwenye hisa na hatifungani mambo yalikaza kuanzia tarehe 3 Januari 2018, kanuni za masoko ya fedha za MiFID II zilipoanza kutumika Ulaya: kampuni isiyo na LEI haifanyiwi biashara. TIN inatambuliwa na TRA (mamlaka ya mapato), namba ya usajili inatambuliwa na BRELA. Msimamizi wa soko aliyeko London akipewa tarakimu hizo hana pa kuzipeleka, na jina la kampuni peke yake halimsaidii, maana majina yanafanana na kila mtu anaandika anavyojua: huyu Limited, yule Ltd, mwingine Co. Ltd.

Chanzo chake ni Lehman Brothers. Benki hiyo ya New York ilipofilisika tarehe 15 Septemba 2008, ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 600, wasimamizi na benki nyingine walihangaika kujua nani hasa anamdai nani. Lehman haikuwa kampuni moja. Ilikuwa na kampuni tanzu nyingi katika nchi nyingi, na aliyefunga mkataba na ile ya London hakuwa na mkataba na ile ya New York. Kila taasisi ilikuwa na namna yake ya kuziandika kwenye vitabu, hivyo kujumlisha picha nzima kulikuwa kazi ya kutisha. Nchi za G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, zikaunga mkono mfumo mmoja wa dunia, na mwaka 2014 Bodi ya Uthabiti wa Fedha (FSB), chombo cha kimataifa, ikaanzisha wakfu wa GLEIF, wenye makao yake Basel, Uswisi, kuusimamia.

Sasa tazama namba yenyewe. Hii ni ya GLEIF wenyewe, iko wazi kwa kila mtu: 506700GE1G29325QX363. Ina herufi na tarakimu 20. Zile 4 za mwanzo zinaonyesha taasisi iliyoitoa, 2 za mwisho ni za ukaguzi. Geuza kila herufi kuwa tarakimu, A iwe 10, B iwe 11, mpaka Z iwe 35, kisha gawa namba nzima kwa 97. Lazima ibaki 1. Nimeikokotoa hii kwa mkono na inabaki 1. Ndiyo maana ukikosea herufi moja kwenye fomu, mfumo wa benki unaikataa papo hapo. Na angalia kwamba hakuna alama ya nchi wala jina ndani yake: kampuni ikibadili jina au ikihamisha ofisi, namba inabaki ileile, kinachobadilishwa ni taarifa zilizoambatana nayo.

Hizo taarifa ndizo uzito wote wa jambo hili. Utaulizwa jina la kisheria, anwani, namba ya usajili na rejista iliyoitoa, halafu swali linalowakwamisha wengi: kampuni mama ni ipi? Wanamaanisha kampuni inayojumuisha hesabu zenu kwenye hesabu zake. Kama wenye hisa ni watu binafsi, kama zilivyo kampuni nyingi za kifamilia kwetu, usiache wazi; kuna sehemu ya kutaja sababu hiyo. Jina liandike kama lilivyo kwenye cheti cha BRELA, nukta kwa nukta, usichukue la kwenye kichwa cha barua. Kwetu waliuliza pia mahali ofisi ilipo hasa, mtaa na kitalu, S.L.P. haikuwatosha.

Kuhusu ada, linganisha kabla ya kulipa. GLEIF haiuzi namba. Zinatolewa na taasisi ilizoziidhinisha, na orodha yake iko kwenye tovuti yao. Zipo pia kampuni za uwakala, nyingine nzuri, nyingine zinaongeza bei bila kukufanyia chochote cha ziada. Taarifa huhuishwa kila mwaka kwa ada. Ukichelewa, namba haifutwi, ila rekodi inaandikwa LAPSED (muda umepita) badala ya ISSUED (imetolewa) na ulimwengu mzima unaona. Na mkichoka na mtoaji wenu mnaweza kuhamia kwa mwingine na namba yenu ileile, asikwambie mtu kwamba lazima uanze upya.

Faida ambayo sisi tumeipata zaidi ni upande wa pili. Kuitafuta kampuni kwenye daftari la LEI la GLEIF mtandaoni ni bure. Kuna mnunuzi alitutumia barua ya kuagiza makontena ya kahawa, yenye LEI chini ya ukurasa. Tukaitafuta: namba ilikuwa halali, lakini jina lilitofautiana kwa neno moja na kampuni ilikuwa nchi nyingine kabisa. Tulimwandikia atufafanulie, hakujibu tena. Hata hivyo elewa mpaka wake. LEI inakwambia huyu ni nani na kampuni mama yake, kama ipo, ni ipi. Haikwambii kama ana pesa wala kama ni mlipaji mzuri, na si leseni ya kufanya biashara yoyote.

Kwa hiyo mwambie bosi atoe kibali, tafuteni cheti cha usajili, taarifa za karibuni za BRELA na barua ya kukuidhinisha wewe kuomba kwa niaba ya kampuni. Nyaraka zikiwa sawa ni suala la siku chache. Ukikwama kwenye kipengele cha kampuni mama, weka hapa muundo wa umiliki bila majina ya watu, nitakuangalizia.