"Presently": ni sasa au baadaye kidogo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni karani katika kampuni ya utalii hapa Arusha. Wakala wetu wa Marekani ametuandikia kwamba mkurugenzi wake "is presently in Nairobi". Nilielewa kuwa atafika huko karibuni, kwa sababu shuleni tulifundishwa kwamba "presently" ni "punde si punde". Mwenzangu ameshikilia kwamba maana yake ni "sasa". Nani amepatia, na neno hili lina asili gani?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, katika sentensi hiyo mwenzako ndiye aliyepatia: mkurugenzi alikuwa Nairobi wakati barua inaandikwa. Hata hivyo, ulichofundishwa si kosa, kwani ndivyo Waingereza walivyozoea kulitumia neno hilo, na shule zetu zilirithi Kiingereza chao.

Kielezi hiki kimetokana na "present", neno ambalo Kiingereza kililichukua kwa Wafaransa, nao walilipata katika Kilatini "praesens", yaani kilichopo, kilicho mbele ya mtu. Ndiyo maana zamani "presently" ilimaanisha "wakati huu" au "papo hapo". Katika Biblia ya King James ya mwaka 1611, Mathayo 21:19, tunasoma "presently the fig tree withered away", na Biblia ya Kiswahili ya Union inasema "Mtini ukanyauka mara". Anayeusoma mstari huo wa Kiingereza kwa maana ya "baadaye kidogo" anaupoteza muujiza wenyewe, maana wanafunzi walistaajabu hasa kwa sababu mti haukukawia.

Kilicholegeza maana ni ahadi za watu. Fundi akikwambia kwenye simu "nakuja sasa hivi", unajua kwamba unayo nafasi ya kunywa chai, pengine na ya kupika chakula cha mchana. Waingereza nao waliahidi "presently" na kuchelewa, hadi neno likazoea ucheleweshaji huo. "Soon" na "anon" yalipita njia hiyo hiyo, kwani nayo zamani yalimaanisha "mara moja". Maana ya "sasa", hata hivyo, haikufa: iliendelea kutumika Scotland na Marekani, na leo husikika hata Uingereza. Wapo wakosoaji wa lugha wanaoiita kosa, lakini sioni msingi wa kulaumu maana iliyotangulia ile wanayoitetea.

Kwa kawaida kitenzi ndicho kinachoamua. "She is presently on leave" ni kusema yuko likizoni sasa, ilhali "she will join us presently" ni kusema atajiunga nasi baada ya muda mfupi. Na katika hadithi ya wakati uliopita, "presently he stood up" ni "baada ya kitambo akasimama". Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa "momentarily", ambayo kwa Mwingereza ni "kwa kitambo kidogo tu" na kwa Mmarekani mara nyingi ni "hivi punde". Rubani wa Marekani akitangaza kwamba ndege itatua "momentarily", abiria wa London anaweza kujiuliza kama atapata muda wa kushuka.

Katika barua zenu za kazi, andikeni "currently" mnapokusudia sasa, na "shortly" mnapokusudia karibuni. Na kwa kuwa mgeni anayesafiri hakai mahali pamoja, mwulizeni wakala tarehe ambayo mkurugenzi ataondoka Nairobi kabla hamjapanga gari la kumpokea.