Mafuta ya nazi huganda Nairobi: kupanga vitu vya kuoga ukienda kuanza chuo

Mdogo wangu anaondoka Jumamosi kwenda kuanza chuo Nairobi na tangu jana sebule yetu hapa Langoni, Lamu, haipitiki, amemwaga vitu vyake vyote juu ya mkeka, sabuni sita, shampuu chupa mbili zile kubwa, losheni, dawa ya meno tatu, poda, deodoranti ya kupuliza, taulo mbili nene ambazo ukizikunja tu begi limejaa nusu, na yeye mwenyewe amekaa katikati anahesabu kwa vidole. Mimi nimekaa naye mpaka usiku tukipunguza kimoja kimoja, na nikaona bora niandike kabisa, kwa sababu najua kuna watoto wengi wa Lamu, Faza, Malindi na huko kote ambao mwezi huu wa Agosti wanafanya hivi hivi, na mama zao wanawaongezea.

Mimi nilipoitwa chuo nilibeba duka. Mamangu alikua na karatasi, kila akikumbuka kitu anaandika, na kila jioni nikirudi nakuta kitu kipya kitandani. Bibi alikua amekaa barazani akatuangalia siku mbili, ya tatu akasema, "Mwanangu, ndia ni ndefu, zitu zingi zitakutesa." Hatukumsikiliza. Saa zile nilikua na hofu ambayo sikuweza kumwambia mtu, sijawahi kulala nje ya nyumba ambayo haina mtu wangu, na kila sabuni niliyoongeza ilikua kama inanipa nguvu kidogo. Nasema hivi kwa sababu ukimuona mtoto anajaza begi usimgombeze tu, kaa naye umuulize anaogopa nini.

Sasa safari yenyewe. Kwanza boti mpaka Mokowe, na Agosti ni kusi, bahari inarusha maji, begi langu lililowa upande mmoja kabla hata sijafika bara. Halafu basi mpaka Mombasa, halafu basi la usiku mpaka Nairobi, begi kwenye buti chini ya magunia ya watu. Nilipolifungua hosteli asubuhi nikasikia harufu kwanza. Shampuu imefunguka, mafuta ya nazi aliyonipikia bibi yametoka karibu nusu chupa, na barua yangu ya kuitwa chuo na kopi za cheti cha KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, nilikua nimeziweka chini kabisa ya begi zisikunjike. Ile barua ilikua imeingia mafuta mpaka unaona vidole vyako upande wa pili. Nilikaa chini sakafuni nikalia.

Rumeti wangu, mwenzangu wa chumba, msichana wa Kakamega ambaye hata jina langu hajalijua bado, akachukua poda yake akamwagia ile barua yote, akaiweka katikati ya magazeti, akakalia. Poda hunywa mafuta, mimi sikujua hilo. Tulibadilisha poda mara tatu na mchana ile barua ilikua bado na rangi ya samli lakini maandishi na muhuri vinasomeka, na yule bwana wa usajili aliipokea bila neno. Nguo pia tulifanya hivyo hivyo, poda kwanza, ikae, uikung'ute, halafu sabuni ya maji ya vyombo na maji ya uvuguvugu, na buibui langu likatoka safi. Ukianza na maji kabla ya poda mafuta yanasambaa tu.

Kwa nini chupa zilivuja na nilizifunga kwa nguvu zangu zote? Hili nililielewa baadaye. Sisi huku tuko usawa wa bahari, Nairobi iko juu takriban mita 1,700, na hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya huku. Ile hewa uliyoifungia ndani ya chupa Lamu, ikipanda kule inataka kutanuka, inasukuma, na kama chupa imelala basi kilicho mdomoni ndio kinatoka. Angalia pakiti ya krispi iliyonunuliwa Mombasa ukifika nayo Nairobi, imevimba kama mto. Kwa ndege ni vilevile. Kwa hivyo chupa laini ibonyeze hewa itoke ndio ufunge, chupa ngumu ijaze mpaka karibu na mdomo hewa isipate nafasi, weka kipande cha nailoni mdomoni kabla ya kufunga kifuniko, na zipange zikiwa wima pamoja ndani ya mkebe. Zamani watu walikua wanafunga kila kitu kwa juala, ule mfuko wa plastiki, lakini tangu Agosti 2017 hayo majuala yamepigwa marufuku Kenya, kwa hivyo mimi natumia mkebe wa plastiki wa kuwekea chakula, wenye kifuniko cha kubana, hata kikimwagika kinamwagikia humo humo. Na karatasi zako, barua, vyeti, kitambulisho, zisikae begi moja na kitu chochote cha maji. Zikae kifuko chake peke yake, mapajani kwako.

Vitu vya kupunguza ni vile vinavyouzwa kila mahali. Dawa ya meno iko Nairobi, sabuni iko, pedi ziko, shampuu iko tena kwa chupa ndogo. Beba za wiki mbili, na ile pesa ya chupa ya pili mpe mtoto mkononi.

Sabuni haswa, kuna jambo ambalo mtu wa Lamu hawezi kulijua mpaka afike. Maji yetu ya visima yana chumvi chumvi, tumezoea kusugua sabuni sana ndio ipate povu. Nairobi maji mengi yanatoka bwawa la Ndakaini huko juu milimani, ni maji laini, siku ya kwanza nilisugua kama nilivyozoea na povu likanijaa mpaka nikamaliza ndoo nzima kujisuuza na bado ngozi inateleza, nikadhani sijatakata. Mche mmoja wa sabuni ambao nyumbani unaisha haraka, kule ulinikalia karibu mara mbili. Zile sita zako mdogo wangu, tatu zinabaki hapa.

Taulo nene acha kabisa. Julai na Agosti Nairobi ni baridi, kuna siku jua halionekani, na taulo nene ikilowa Jumatatu mpaka Jumatano iko bado mbichi na inanuka. Chukua kikoi. Kikoi kinakunjwa kikawa kama kitabu, kinanyonya maji vizuri, ukikianika dirishani usiku asubuhi kimekauka, na baridi ikizidi unajitanda nacho. Mimi nilikua na viwili na leso moja ya mamangu na ndio nilivyotumia mpaka namaliza, ile taulo nilimpa rumeti akafanya zulia la mlangoni.

Ngozi nayo itakushangaza. Huku bahari inatupa unyevu bure, ukipaka losheni nyepesi inatosha. Kule wiki ya kwanza midomo ilipasuka na miguu ikawa myeupe kama nimekanyaga chokaa. Losheni ya maji maji haisaidii, unataka mafuta mazito, na upake hapo hapo ukitoka kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu.

Na ndio nakuja kwenye yale mafuta ya bibi. Ile nusu iliyobaki niliisimamisha kwenye kabati, na asubuhi ya pili nikainamisha chupa hakuna kitu kinatoka. Nikaiinua dirishani nikaona ndani ni cheupe, kigumu, kimeshikana na chupa kama mshumaa. Nilidhani yameharibika, na yale mafuta nilikua namuona bibi akiyapika, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, anachuja kwa kifumbu, anachemsha tui kwa moto mdogo mpaka mafuta yanaelea juu, kazi ya siku nzima kwa chupa moja. Nikampigia mamangu simu nikiwa na sauti ya kilio. Hata yeye hakujua, maisha yake yote hajawahi kuyaona yakiganda. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Lamu joto halishuki hivyo la kutosha ukayaona. Niliweka chupa kwenye beseni la maji ya moto, nikakaa naiangalia. Kwanza pembeni pakawa na mstari wa maji maji, kile cheupe kikajitenga na chupa kikawa kinaelea katikati, kikapungua kikapungua mpaka kikawa kama ukucha, halafu kikaisha, na yakabaki yale yale ya nyumbani, rangi ile na harufu ile. Nilipaka nywele nikaenda darasani. Sikua nimelala vizuri tangu nifike na usiku ule nililala.

Jambo lingine ambalo kwenye karatasi ya mamangu halikuwepo ni kopo. Hosteli nyingi choo hakina mferiji karibu wala mpira wa maji, na sisi tumezoea maji, kwa hivyo beba kopo lako lenye mkono, dogo, liingie ndani ya ndoo. Ndoo na beseni nunua kule kule. Beba ndara mbili, za bafuni na za chumbani, usichanganye. Na ya kupelekea vitu bafuni chukua kikapu kidogo cha ukili, wenzangu walikua wanaenda na vitu mikononi, sabuni inaanguka, mswaki unaanguka, saa kumi na moja alfajiri foleni iko nyuma yako na baridi ile. Kikapu unakitundika kwenye msumari, maji yanachuja yenyewe. Ila kianike kila siku, ukiacha kibichi kinashika ukungu.

Udi. Najua mama atakufungia na chetezo atakupa. Chetezo acha nyumbani, makaa ya moto chumbani ni hatari na hosteli hazikubali, na pengine rumeti wako moshi unamkaba. Mimi nilichukua vipande vya udi vikavu nikavifunga kwenye kitambaa nikaviweka katikati ya nguo, na kila nikifungua kabati napata harufu ya Ijumaa nyumbani. Rumeti alikuja kuniomba kimoja mwenyewe. Asumini usibebe, zinanyauka hata Garsen hujafika, lakini siku ya kuondoka zitie kwenye nywele wakikutungia, usikatae.

Deodoranti ya kupuliza ibadilishe uchukue ya kupaka. Ule mkebe una gesi inayoshika moto, na kwenye ukaguzi mmoja wa mizigo wenzangu walinyang'anywa marashi ya kupuliza mapya kabisa hata hayajafunguliwa. Wale mnaopanda ndege ndogo pale Manda someni tiketi, nyingi ni kilo 15, na shampuu mbili kubwa tu ni karibu kilo mbili. Na wanaokwenda kusoma nje, Uturuki au India au Malaysia, begi la mkononi kila chupa isizidi mililita 100 na zote ziingie mfuko mmoja wa kuonyesha ndani wa lita moja, mambo yaliyoanza 2006, na wanaangalia chupa imeandikwa ngapi, hata ukiwa na tone moja ndani ya chupa ya 200 itabaki.

Begi la mkononi la safari liwe na mswaki, dawa ya meno iliyobaki kidogo, tishu, pedi mbili tatu hata kama siku zako bado, sabuni ndogo, leso, na maji. Vyoo vya njiani si vya kutegemea. Mimi basi lilipofika Nairobi alfajiri nilipiga mswaki kwenye kona ya stendi kwa maji ya chupa, nikanawa uso, nikafunga mtandio vizuri, na niliposhika njia ya chuo nilijihisi mtu.

Jana usiku tulipomaliza, begi la mdogo wangu lilikua linafungika bila kukaliwa. Akaniuliza kama kweli pale atapata rafiki, nikamwambia ile hadithi ya barua na poda, na mara hii akaisikiliza mpaka mwisho, na poda aliyokua ameitoa akairudisha ndani.

Bibi sasa hivi yuko jikoni anapika mafuta yake. Nimemwambia safari hii tusitie kwenye chupa ya mdomo mwembamba, tutafute ya mdomo mpana ili yakiganda achote kwa kidole. Akanyamaza akifikiria, halafu akaenda akamimina achari yake yote kwenye bakuli, akaiosha ile chupa kwa ndimu na majivu, akaiweka juani kikutani. Leo asubuhi nimeinusa, bado iko na embe kidogo, nimeirudisha juani.