Nilichemsha tena, mbona watoto wametapika?

SWALI: Niliacha wali na mchuzi wa nyama jikoni usiku kucha, nimevifunika vizuri. Asubuhi havikuwa vinanuka. Nikavipasha pamoja mpaka vikatokota, nikakamulia ndimu ili kuua vijidudu. Kama saa mbili baada ya kula, watoto wangu wawili wakaanza kutapika. Mimi nilionja tu, sikudhurika. Inakuwaje chakula kilichochemshwa kiwadhuru? Na ule unga wa kusafisha sumu tumboni unaotangazwa kila siku, niwape?

JIBU: Unga usiwape.

Ninaoushuku kwanza ni wali, na kinachonipa shaka ni hizo saa mbili. Bakteria kama Salmonella huhitaji muda wa kuzaana tumboni, kwa kawaida saa 6 hadi 72, ndipo dalili zianze. Anayetapika mapema, kati ya nusu saa na saa 6, mara nyingi amekula sumu iliyokwisha kutengenezwa sufuriani. Wewe ulionja tu, tena una mwili mkubwa. Wao walikula sahani nzima.

Sasa tuje kwenye hili la “nilichemsha”, ambalo nalisikia mpaka nachoka. Kuchemsha huua bakteria. Sumu waliyoiacha haifi, maana haikuwa hai tangu mwanzo. Mchele mara nyingi huja na mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo huvumilia moto wa kupikia. Wali ukikaa vuguvugu zinachipua, bakteria wanazaana, na baadhi yao humwaga sumu ya kutapisha inayohimili nyuzi joto 121 kwa zaidi ya saa nzima. Maji ya sufuria yako yanaishia nyuzi 100. Ndimu? Sumu hiyo hupita kwenye tindikali ya tumbo bila kuvunjika, sembuse matone ya ndimu. Na mchuzi nao hauko salama: bakteria wa Staphylococcus hukaa puani na kwenye ngozi ya watu wenye afya zao, na mkono ulioshika nyama iliyokwisha kuiva unatosha kuwapandikiza. Sumu yao pia hustahimili kuchemshwa.

Kutonuka hakuthibitishi chochote. Vijidudu vinavyochachusha chakula si vile vinavyolaza watu. Na kufunika kwako kulizuia inzi, lakini pia kulizuia joto lisitoke, chakula kikabaki vuguvugu kwa muda mrefu zaidi.

Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje kwa zaidi ya saa 2: ama kibaki na moto wa zaidi ya nyuzi 60, ama kiingie kwenye baridi ya chini ya nyuzi 5. Usiingize sufuria nzima kwenye friji, katikati yake huchukua saa nyingi kupoa. Gawa kwenye vyombo bapa, kina cha vidole vitatu hivi, na mvuke ukipungua ingiza. Usisubiri kipoe kabisa. Kama huna friji, pika cha kumalizika, na kilicholala nje kitupe. Najua inauma.

Wauza unga wananikera kwa sababu wanauza ushindi usio wao. Kutapika kwa namna hii mara nyingi hukoma kwenyewe ndani ya siku moja. Mgonjwa akinywa unga asubuhi na jioni akawa mzima, unga ndio unaosifiwa. Mwingine humpa mtoto antibayotiki zilizobaki kabatini, ambazo haziwezi kuua sumu, au vidonge vya kufunga kuhara, ambavyo kwa mtoto mdogo ni hatari. Wakati huo maji yanazidi kumtoka mwilini, na hayo ndiyo yanayoua. Mpe ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji, kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko, hata kama anatapika. Akitapika ngoja dakika 10, kisha endelea.

Ukiona damu kwenye choo, macho yamezama au yamekuwa ya njano, mtoto hakojoi, amelegea au hawezi kubakiza hata kijiko cha maji, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Ukifika, taja walichokula, saa waliyokula na saa ya kutapika mara ya kwanza. Na kama mtu alishawapa unga, dawa za miti au vidonge, sema pia. Hakuna daktari atakayekugombeza kuliko atakavyotaka kujua.