Mchana najinyima, usiku nakula mpaka najichukia

*Shangazi, shikamoo. Nina watoto wawili: mkubwa ana miaka 6, mdogo ana miezi 10 na bado ananyonya. Nimesharudi kazini, na baba yao yuko Geita kikazi. Asubuhi nakunywa chai ya rangi, mchana sili ili nipungue. Watoto wakishalala, nasimama jikoni nakula wali uliobaki, ukoko, maandazi, hata biskuti za mtoto. Sina njaa lakini nakula mpaka tumbo linauma. Makaratasi nayafukia chini kwenye ndoo ya taka dada wa kazi asiyaone. Wifi yangu kanisema mbele za watu kuwa nimejiachia. Nijizuie vipi? – Mama Wawili, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Hayo makaratasi ndiyo yaliyoniuma. Nyumba yako, chakula umekinunua kwa jasho lako, halafu unakila kwa kujificha kama mwizi! Kilo hazinipi shida. Hiyo aibu ndiyo nataka ikutoke.

Unasema huna njaa. Mimi naona unayo, tena ya kutwa nzima. Chai ya rangi si chakula, na mwili unaonyonyesha unadai zaidi ya mwili mwingine, maana maziwa hayatoki hewani. Juu ya njaa hiyo weka msongo. Mtu akiishi na wasiwasi siku nenda siku rudi, mwili humwaga homoni ya kotisoli, nayo huchochea hamu ya sukari na mafuta. Usingizi wa kukatikakatika unazidisha: homoni ya njaa inapanda, ya kushiba inashuka. Saa nne usiku nani atakumbuka mchicha? Tena hiyo ndiyo saa pekee ambayo hakuna anayekuita "mama". Andazi linakupa dakika chache za kupumua. Huo si ulafi, mwanangu.

Kwa hiyo sitakwambia ujizuie usiku. Anza kula mchana. Kabla ya kupanda daladala kunywa uji wa ulezi uliotiwa karanga, au kula kiazi kitamu na yai. Mchana kula wali maharage kama wenzako kazini. Jioni kaa mkekani na watoto, uwe na sahani yako, usiwe mtu wa kumalizia walichobakiza. Njaa ikikushika usiku, pakua, keti, ule taratibu. Na zikitokea siku za kuteleza, kesho yake usijiadhibu kwa kufunga. Ni huko kujinyima kunakokurudisha jikoni.

Sasa baba watoto. Hela anatuma, sawa, lakini hela haiamki usiku mtoto akilia. Usimwambie "nimechoka" ukaishia hapo, atakujibu pole. Mwombe kitu kinachoshikika: kila jioni apige simu aongee na mkubwa wakati wewe unaoga, na mpange pamoja ndugu gani aje kukaa nawe mwishoni mwa wiki ulale. Dada wa kazi naye anaweza kumshika mtoto nusu saa ukijinyoosha, ila usimtwishe kila kitu, na yeye ni binti wa watu, anachoka.

Wifi mjibu kwa upole, mara moja tu: "Wifi, mwili wangu tusiuongelee mbele za watu." Usijikondeshe kwa ajili yake.

Ukimpeleka mdogo kliniki kupimwa uzito, usitoke bila kumweleza nesi habari zako mwenyewe. Kama usingizi hauji hata mtoto akilala, machozi yanatoka bila sababu, au huoni raha ya wanao, mweleze na hayo. Sonona baada ya kujifungua huweza kumpata mama wakati wowote ndani ya mwaka wa kwanza, na ina tiba. Lakini ukianza kujitapisha baada ya kula, au likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje tarehe ya kliniki. Mwite jirani au ndugu akusindikize hospitali siku hiyohiyo.