Maji Yalitoka Safi, Zebaki Ikaenda Jikoni

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa kijana mmoja mwenye sehemu ya kuoshea dhahabu upande wa Manyoni. Alianza kwa shikamoo, akaeleza kwamba wakaguzi wa mazingira wamempa muda wa kusafisha kisima chake cha maji machafu, kisha akamalizia hivi: "Dada, naomba unitajie dawa ya kuua zebaki na bei yake, nije Dodoma kuinunua." Marahaba nilimjibu papo hapo. Jibu la swali lenyewe nilishindwa kuliandika kwa simu, kwa sababu miaka sita iliyopita mimi nami niliamini kwamba dawa hiyo ipo, nikaichanganya kwa mikono yangu, nikalipwa nusu ya fedha nilizoahidiwa, na hadi leo nikisikia harufu ya yai viza moyo hunishtuka.

Zebaki haifi. Sayanaidi, ile sumu nyingine ya kuchenjulia dhahabu, inaweza kuvunjwa kwa jua, hewa na klorini hadi ikageuka kitu kingine kisicho na ukali ule, lakini zebaki ni elementi, na elementi haina cha kuvunjwa. Inachoweza kufanya ni kuhama: kutoka majini kwenda kwenye tope, kutoka kwenye tope kwenda kwenye mvuke, kutoka kwenye mvuke kurudi kwenye chupa iwapo kuna aliyeutega. Kazi yetu sisi tunaoitwa wasafishaji ni kuchagua ihamie wapi na kuhakikisha kwamba imefika huko na haitoki. Sentensi hiyo naiandika kwa wepesi leo, kuijifunza kulinigharimu.

Wakati huo nilikuwa nimeacha kazi ya maabara hapa Dodoma, nina shahada ya kemia na kiburi kinacholingana nayo. Mmiliki mmoja wa karasha, mashine ya kusagia mawe, mkoani Singida alinipa kazi ya kusafisha maji ya mwalo wake, yaani sehemu yake ya kuoshea dhahabu. Utaratibu pale ulikuwa ule mnaoujua: mawe yanasagwa, unga wake unapitishwa na maji juu ya mazulia, mchanga mzito uliobaki kwenye zulia unatiwa kwenye karai pamoja na zebaki na kukandwa kwa mikono hadi dhahabu ishikwe, na maji ya karai yanamwagwa kwenye kisima kilicho karibu. Siku ya kwanza nilichota tope la ukingoni kwa kijiko cha chai nikaliosha taratibu kwenye sahani nyeupe. Chini vilibaki vishanga vya kijivu, vidogo kuliko mbegu ya mchicha, na nilipovisukuma kwa ncha ya kisu vilikataa kuungana. Zebaki iliyochafuliwa na grisi na udongo hufanya hivyo. Kila tone hujivika gamba la uchafu, na tone la namna hiyo halishiki dhahabu wala halirudi chupani, linaondoka na maji.

Vishanga vile vilipaswa kunionya. Katika kisima kile kulikuwa na zebaki ya namna tatu: iliyo bado metali, iliyoyeyuka majini, na iliyojishikiza kwenye chembe za udongo. Mimi niliandaa dawa ya ile ya pili peke yake. Nilipanga simtanki tatu, nikavuta maji kwa pampu, nikatia chokaa hadi pH, kipimo cha uchachu wa maji, ikapanda kati ya nane na tisa, kisha nikamimina mmumunyo wa sodiamu salfaidi. Kanuni yake ni nzuri: salfa na zebaki hupendana kuliko karibu kila kitu kingine, vikikutana majini hutengeneza salfaidi ya zebaki, unga mweusi usioyeyuka. Maji yaligeuka meusi mbele ya macho ya watu, vijana wakapiga makofi, na mmiliki akaniita injinia ingawa mimi si injinia.

Kesho yake maji yalikuwa bado meusi. Unga ule ni laini mno, unaelea kama masizi, na bila kitu cha kuukusanya hautui. Nilipaswa kutia shabu, ileile ambayo mama zetu wanatumia kutuliza maji ya bwawani, au kloridi ya chuma, ili chembe zishikane na kuzama. Badala yake niliongeza salfaidi, kwa mawazo ya mpishi anayeona mboga haina chumvi. Salfaidi ikizidi huishika tena zebaki iliyokwisha kuganda na kuirudisha majini katika umbo lililoyeyuka, na ndivyo majibu ya maabara yalivyosema: maji yaliyotibiwa yalikuwa na zebaki iliyoyeyuka nyingi kuliko yale ambayo sikuyagusa.

Siku hiyohiyo ya majibu kijana mmoja alimwaga mabaki ya asidi ya kusafishia dhahabu kwenye mfereji uliokuwa na salfaidi yangu. Mvuke wa haidrojeni salfaidi ulitoka pale pale. Harufu yake ni ya yai viza, na ubaya wake ni kwamba ukizidi pua inaacha kuusikia, hivyo mtu hudhani umekwisha kumbe ndio umekolea. Vijana wawili walitapika, tukawavuta hadi upande unakotoka upepo, na namshukuru Mungu kwamba lilikuwa eneo la wazi. Mmiliki alisema maneno mbele ya watu ambayo sitayarudia hapa. Lililoniuma si tusi. Ni kwamba alisema, "Huyu dada ametuletea dawa ya kunuka," na jina hilo likatangulia mbele yangu kila mwalo niliokwenda kuomba kazi kwa mwaka mzima.

Nilimaliza kazi ile kwa fedha zangu. Ninaandika hivyo kwa kujivuna, na sioni sababu ya kuficha. Nilirudi kwenye glasi sita za chai juu ya meza, kila glasi na kipimo chake cha salfaidi, nikatafuta kile kidogo kabisa kinachotosha. Nilichimba kisima cha kwanza cha kutuliza maji ili vishanga vizame vyenyewe, kwa kuwa lita moja ya zebaki ina uzito wa zaidi ya kilo 13 na haihitaji kemikali kuzama, inahitaji maji yasiyokimbia. Baada ya hapo ndipo salfaidi kidogo, kisha kloridi ya chuma, kisha chujio la mchanga, na mwisho mapipa mawili ya kaboni, mkaa maalumu wa vifuu vya nazi, kwa ajili ya kunasa masalia. Sampuli nilizipeleka katika chupa za kioo zilizotiwa asidi ya naitriki, kwa maana zebaki iliyowekwa kwenye chupa ya plastiki ya maji ya kunywa hujishikiza ukutani na nyingine hupotea, na wewe unaletewa majibu ya kukufurahisha. Majibu yangu safari hii yalikuwa chini ya miligramu 0.006 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa zebaki katika maji ya kunywa. Karatasi ile niliitia fremu. Ilining'inia sebuleni kwangu miezi minne.

Mwezi wa Julai nilipanda basi stendi ya Nane Nane kwenda kudai nusu ya fedha zangu. Nilifika jua linazama, baridi ya kipindi kile mnaijua, na mmiliki hakuwepo. Mlinzi, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa ndani ya kibanda chake cha mabati, amefunga mlango kuzuia upepo, chai inachemka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani, upepo huo utakuua. Kaa karibu na jiko."

Nilikaa. Mkaa wa jikoni ulikuwa vipande vidogo vinavyolingana, kama punje za mahindi yaliyokobolewa, vyekundu, bila moshi hata kidogo. Mzee aliona ninavyotazama, akaufurahia uangalizi wangu. "Mkaa wenu huu ni mzuri kweli. Hauna moshi, na ukiwaka unawaka usiku kucha. Kiroba kimoja kinanitosha wiki." Kiroba chenyewe kilikuwa nyuma ya mlango. Nilikifunga mimi kwa kamba ya katani miezi minne kabla, nikakiegemeza kwenye ukuta wa stoo, na sikuandika juu yake neno hata moja.

Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, na makaa mekundu yamekwisha kulipita joto hilo mbali sana. Kila kitu ambacho kaboni ile ilikikamata kutoka kwenye maji, kwa ustadi niliokuwa nimeutia fremu, kilikuwa kikitoka usiku baada ya usiku katika chumba cha hatua nne kwa tatu kilichofungwa mlango. Nilimwomba mzee tutoke nje. Alidhani nimeona nyoka. Siku mbili baadaye tulikuwa Dodoma kwa ajili ya kipimo cha mkojo, kwa kuwa zebaki iliyovutwa kama mvuke hutafutwa kwenye mkojo, na ile itokanayo na samaki hutafutwa kwenye damu au nywele. Majibu ni siri yake. Itoshe kusema kwamba alihamishiwa kibanda kingine na alipimwa tena mara mbili. Fedha zangu sikuzidai tena.

Wasomaji wangu wengi ni watu wa miradi, mnataka cheti cha mazingira, mnataka kupanda kutoka mwalo hadi mtambo, na mnaniuliza kemikali. Mimi nawaambia nunueni daftari. Andikeni zebaki iliyoingia kwa gramu, iliyorudi chupani kwa gramu, na kwa ile isiyorudi andikeni ilikokwenda: tope la kisima gani, pipa la kaboni lipi, retoti ipi, yaani chombo cha kuchomea kinachotega mvuke. Asiye na daftari hajasafisha kitu, amepeleka sumu kwa mtu asiyemjua. Na kila kiroba kiandikwe jina, tena kwa picha ya fuvu kwa ajili ya asiyejua kusoma.

Tope ndilo litakalowashinda wengi. Baada ya kutibu maji yangu nilibakiwa na mapipa ya tope jeusi, na kila niliyemwuliza alinishauri nilifukie porini. Hata Minamata kule Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, tope la ghuba halikupatiwa dawa ya kulimaliza: walilichota na kulizungushia kuta kuanzia mwaka 1977 hadi 1990, wakalifunika, na juu yake sasa kuna nchi kavu ya hekta zipatazo 58. Zebaki bado iko chini ya miguu ya watu, imefungiwa na inalindwa. Sisi wa kanda ya kati tuna sababu nyingine ya kuogopa kufukia ovyo. Maji yetu mengi hayaendi baharini. Mto Bubu unaishia kwenye kinamasi cha Bahi, maji ya mto Wembere yanaishia Ziwa Eyasi, na hakuna mlango wa kutokea. Kinachoingia humo kinabaki humo, kwenye tope lisilo na hewa ambamo bakteria huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, umbo lenye sumu kali linalojikusanya mwilini, na kambale anaila, na sisi tunamla kambale.

Tope langu nililifunga kwa salfa ya unga. Niliinunua duka la pembejeo hapa mjini, ileile ambayo wakulima wa zabibu hupulizia ubwiri unga, na muuzaji aliniuliza shamba langu liko Hombolo au Mpunguzi. Kwa hesabu ya kemia, sehemu moja ya salfa kwa uzito inatosha sehemu sita za zebaki, ila katika tope chembe hazionani, kwa hiyo niliizidisha sana, nikaweka vyote ndani ya pipa lenye mfuniko pamoja na mawe ya mtoni, na pipa likaviringishwa kivulini siku kadhaa, mbali na moto, tukiwa tumevaa barakoa za kuzuia mvuke. Kisha sampuli zilikwenda maabara, na mapipa yakahifadhiwa juu ya sakafu ya zege chini ya paa hadi kibali cha kuyasafirisha kilipopatikana. Kutunza na kusafirisha taka za namna hii bila kibali ni kosa, na tangu nchi yetu ijiunge na Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulioanza kutumika Agosti 2017, macho ya serikali kwenye zebaki yamekuwa makali zaidi, jambo ambalo mimi naliunga mkono hata linaponichelewesha.

Neno moja kwa wanaonunua marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, ya mialo ya zamani ili kuyachenjua kwa sayanaidi: pimeni zebaki kwanza. Sayanaidi huiyeyusha zebaki kama inavyoyeyusha dhahabu, huipeleka kwenye kaboni inayokamata dhahabu, na siku ya kuchoma kaboni hiyo mnavuta wote mliosimama hapo.

Kijana wa Manyoni nilimtumia haya yote kwa sauti, dakika kumi na moja. Jana alinijibu kwamba amenunua mizani na daftari, na kwamba mwezi huu alinunua kilo moja ya zebaki, zikarudi gramu 640. Nimemwuliza gramu 360 ziko wapi. Amesikiliza, hajajibu bado.